Yai la Jumapili, Nyanya za Jumatatu

Baba Mchungaji, Mwinjilisti, wazee wa kanisa, mama zangu na baba zangu, wanakwaya, na ninyi watoto mliokaa mbele: Bwana Yesu asifiwe.

Nadhani kamati ya diakonia, yaani ya huduma kwa wahitaji, imenipa nafasi hii kwa sababu iliona kwamba mtu aliyefanya kazi ya uuguzi miaka 34 hawezi kukosa neno la kusema kuhusu kuwahudumia wagonjwa. Neno hilo ninalo, na nitalifikia. Lakini naomba nianzie hapo nje, chini ya mti ule tunapokusanyika kila Jumapili baada ya baraka kwa ajili ya mnada.

Wageni wetu wa leo watanivumilia nikieleza kidogo. Mtu asiye na fedha ya kuweka kwenye bahasha huleta alichonacho, awe na mkungu wa ndizi, lita ya maziwa, kuku au maparachichi, na mnadi hukinadi mpaka kipate bei, kisha fedha hiyo ikaingia kwenye sadaka. Jumapili tatu zilizopita, bibi mmoja wa mtaa wa chini, ambaye sitamtaja jina kwa sababu angenikemea, alileta yai moja. Alilifunga ndani ya leso kama mtu anavyofunga fedha ya nauli. Mnadi wetu, ambaye kwa maneno hashindwi, alilishika kwa vidole viwili, akaliinua juu na kusema kwamba anachouza hapo si yai bali ni kuku na vifaranga vyake. Bei ilianzia shilingi 500, ikapanda hadi 5,000, na mwishowe baba mmoja akalinunua kwa 15,000, kisha akalirudisha mezani linadiwe tena, kama ilivyo desturi yetu. Likanunuliwa mara ya pili kwa 10,000. Tulipiga makofi na vigelegele, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga.

Sisemi haya kwa kejeli. Mnada ule ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa ya kanisa letu, kwa sababu unamwezesha mtu asiye na kitu kusimama mbele ya watu akiwa mtoaji, na heshima ya namna hiyo haipatikani mahali pengi.

Kesho yake, Jumatatu, nilikwenda sokoni. Bibi yule yule alikuwa ameketi chini na mafungu yake ya nyanya, kila fungu shilingi 1,000, na mbele yake alisimama mama mmoja wa usharika huu aliyekuwa akimwambia, "Bibi, hizi si nyanya za elfu moja. Nipe mafungu matatu kwa elfu mbili." Bibi alishuka hadi 2,500. Mama akageuka kama anayeondoka, bibi akamwita arudi, na biashara ikafungwa kwa elfu mbili pamoja na nyanya mbili za nyongeza. Ningependa kuwaambia kwamba nilimwonya yule mama, lakini sikuthubutu, kwa sababu mnunuzi aliyefuata nilikuwa mimi, na nilishajiandaa kuomba bei ile ile.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Jumapili tulitoa shilingi 25,000 kwa yai la bibi, na Jumatatu tukampunguzia shilingi 1,000 kwenye nyanya zake, yule mama peke yake, bila kunihesabu mimi. Kwa macho ya haraka bibi amepata faida kubwa. Lakini ile elfu 25 haikuingia mfukoni mwake hata senti moja, na wala hakuitarajia, maana alikuwa anamtolea Mungu. Ile elfu moja ndiyo iliyotoka mfukoni mwake. Kwa hiyo, ndugu zangu, katika siku hizo mbili za ukarimu wetu wenye vigelegele, mtu pekee aliyetoa alichokihitaji alikuwa ni bibi, mara mbili.

Sipendi mtu aondoke hapa akidhani nimesema kwamba kupatana bei ni dhambi. Soko bila mapatano si soko, na wapo wauzaji ambao hutaja bei ya juu wakijua kabisa mtaishia wapi, na hata huona vibaya mteja akilipa bila kusema neno. Lakini kupatana na mwenye duka la jumla ni jambo moja, na kupatana na mtu anayeuza ili jioni apate unga ni jambo jingine, na tofauti hiyo mnunuzi anaijua vizuri kuliko anavyokubali. Ndiyo maana anageuka kama anayeondoka, kwa kuwa anajua bibi hawezi kumwacha aende.

Katika Luka 6:38 Bwana wetu anasema, "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Sisi tuliokulia kwa wakulima hatuhitaji kufafanuliwa maneno hayo, kwa sababu tunaijua lumbesa. Tunajua jinsi mfuko wa viazi unavyojazwa, ukashindiliwa, ukasukwa, kisha ukashonewa kilemba juu mpaka ukapita mbali kilo 100 za halali, huku mkulima akilipwa kama mfuko ni mmoja. Wakala wa Vipimo wanapiga marufuku, viongozi wanakemea mwaka hadi mwaka, na lumbesa bado ipo. Jambo ninaloliona katika maneno ya Yesu ni kwamba kipimo hicho cha kushindiliwa kimetajwa kuwa kitu ambacho mtu anapewa. Sisi tumekigeuza kuwa kitu ambacho mtu anadai kwa aliye mnyonge kuliko yeye, halafu tunanukuu mstari huo huo siku ya mavuno.

Torati ilikuwa na njia yake ya kumsaidia maskini. Mambo ya Walawi 19 inamwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota kilichoanguka, bali amwachie maskini na mgeni. Boazi, mwenye shamba katika kitabu cha Ruthu, alikwenda mbele zaidi, akawaagiza wavunaji wake wachomoe masuke kutoka katika miganda na kuyaacha makusudi ili Ruthu, mjane mgeni, ayaokote, na wasimkemee. Jioni Ruthu alirudi kwa mkwewe akiwa amefanya kazi. Hakuna aliyemwona akinyoosha mkono kuomba. Namna hiyo ya kutoa naipenda kuliko zote, na nafasi za kuifanya ni nyingi mno kwa mtu mwenye macho: kumwachia bibi chenji ya shilingi 200, kumwita kijana wa jirani akukatie nyasi ambazo ungeweza kuzikata mwenyewe, au kununua mchicha kwa mjane hata kama wako bustanini umestawi.

Hapa nitagusa jambo ambalo halitanipa marafiki, nami nitalipita haraka. Wengi wetu tuna mabinti wanaofanya kazi majumbani mwetu, tunaowaita dada, na wengi tumewahi kuajiri vibarua wa shamba au wa ujenzi. Kumbukumbu la Torati 24 inasema mwajiriwa maskini apewe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa kuwa ameuwekea moyo wake. Serikali nayo hutangaza kima cha chini cha mshahara, pamoja na cha wafanyakazi wa majumbani. Mtu anayekaa na mshahara wa dada kwa miezi mitatu, kisha akamnunulia gauni la Krismasi na kuliita zawadi, hajatoa zawadi yoyote. Amelipa sehemu ya deni lake kwa kitambaa. Kabla hatujafika kwenye ukarimu, tuwe tumelipa kwanza.

Sasa nifike wodini.

Katika hospitali zetu nyingi, kama mnavyojua, chakula cha mgonjwa kwa sehemu kubwa ni kazi ya ndugu zake. Ikifika saa sita mchana, mlango unafunguliwa, akina mama wanaingia na vikapu na hotipoti, na kwa muda wa saa moja wodi inanukia ndizi, mchuzi na uji wa ulezi. Ni saa nzuri kwa mgonjwa mwenye watu. Kwa asiye na mtu, hakuna saa ndefu kama hiyo katika siku nzima.

Miaka mingi iliyopita, katika wodi ya majeruhi wanaume niliyokuwa nikifanyia kazi, tulikuwa na kijana aliyetoka mkoa wa mbali. Alikuwa saidia fundi, akaanguka kutoka jengo la ghorofa, akavunjika paja. Mguu wake ulivutwa kwa kamba na vyuma vya uzito, ambayo maana yake ni kulala chali kwa wiki nyingi bila kugeuka. Mwajiri wake alikuja siku ya kwanza, akaacha soda mbili, hakuonekana tena. Kila ilipofika saa sita, kijana yule alijifunika shuka mpaka kichwani akajifanya amelala. Muuguzi anajua mgonjwa aliyelala na mgonjwa anayejifanya amelala, kwa kupumua tu. Nilijua. Nilikuwa nikipita na faili zangu, naligusa shuka na kumwambia, "Pole, mwanangu, Mungu atakusaidia," kisha naingia chumba cha wauguzi kunywa chai na maandazi.

Mtume Yakobo amenieleza vizuri kuliko ninavyoweza kujieleza. Anasema juu ya mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kumpa mahitaji ya mwili, kisha anauliza, "yafaa nini?" Kwa siku tisa nilikuwa mtu huyo, tena nikiwa nimevaa sare nyeupe na msalaba mdogo shingoni.

Siku ya kumi, mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe kwenye kitanda cha jirani alifungua hotipoti yake, akapakua sahani ya mumewe, kisha akapakua ya pili na kuivuta shuka ya kijana kidogo. "Mwanangu, amka ule, mchuzi utapoa." Kijana akajibu kutoka ndani ya shuka kwamba ameshakula. Mama akauliza, "Wapi?" Wodi nzima ilicheka. Kijana naye alicheka, nasi hatukuwahi kumsikia akicheka tangu aletwe, akafunua uso na akala.

Tangu siku hiyo zilikuja sahani mbili. Mumewe aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilidhani sahani zimekwisha, lakini mama aliendelea kuja mara mbili kwa wiki, na wake wengine wa wagonjwa, kwa kumwona yeye, wakagawana siku zilizobaki bila mtu kuitisha kikao. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, alikuja na chakula cha mchana huku mwenyewe amefunga, akaketi pembeni ya kitanda akimwangalia kijana anavyokula. Siku moja nilimuuliza ni nini kilimfanya aanze. Nilitarajia jibu kubwa, pengine la dini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na kichwa, akasema, "Nilikuwa napika tayari."

Nimelibeba jibu hilo kwa miaka mingi, na kila mwaka tunapousoma mfano wa Msamaria, mimi husikia sauti ya mama yule. Nilikuwa nimejizoeza kudhani kwamba ukarimu ni tukio, kitu cha kuandaliwa bajeti, kamati na tarehe. Yeye alikuwa na moto ambao umeshawaka na sufuria ambayo imeshainjikwa, na mtu mmoja zaidi ni kuongeza maji na konzi mbili za unga.

Mwanzo wa huduma hii tunayoiita diakonia ulikuwa hapo hapo, kwenye chakula. Matendo ya Mitume 6 inasimulia kwamba manung'uniko yalitokea Yerusalemu kwa sababu wajane wa kundi moja walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba wa kushughulikia meza. Angalieni sifa zilizotakiwa: wawe wameshuhudiwa kuwa wema, wamejaa Roho na hekima. Kwa kazi ya kugawa chakula! Mmoja wao, Stefano, alikuja kuwa shahidi wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Kristo. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wakisema kwamba fulani hana karama, yeye kazi yake ni jikoni.

Na ushahidi kwamba watu wa nje waliliona jambo hili tunao kutoka kwa mtu ambaye hakututakia mema. Kaisari Juliani, aliyetawala Dola ya Kirumi kati ya mwaka 361 na 363, alilelewa katika Ukristo, akauacha, akajaribu kurudisha ibada za miungu ya zamani. Katika barua yake kwa kuhani mkuu wa Galatia alilalamika kwamba "Wagalilaya", kama alivyowaita Wakristo kwa dharau, hawawalishi maskini wao tu bali wanawalisha na maskini wa upande wake, akaagiza makuhani wake nao waanzishe nyumba za kupokea wageni na kugawa nafaka. Hakulalamikia mahubiri yetu wala majengo yetu. Najiuliza mara nyingine kama leo kuna mtu yeyote katika kata hii, asiyependa kanisa, ambaye angekuwa na sababu ya kuandika barua kama hiyo.

Kuhusu picha, naomba vijana wasikasirike. Siku za Pasaka na Krismasi vikundi vingi huja hospitalini na sabuni, juisi na miswaki. Sabuni inahitajika, na Mungu awabariki walioinunua. Lakini nimeona mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji akiombwa ainue kichwa na ashike boksi vizuri ili maandishi yaonekane. Nimeona mama aliyefiwa na mtoto asubuhi ile akipigwa picha mchana akipokea kanga, hakuna aliyemuuliza jina wala habari. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Sisi tumeufanya mkono wa kushoto kuwa mpiga picha, na mgonjwa hawezi kukataa, kwa sababu aliyelala hana pa kwenda na sabuni anaihitaji. Mkitaka kumbukumbu kwa ajili ya taarifa ya kamati, andikeni kwenye daftari mlichopeleka. Inatosha.

Najua maneno ambayo baadhi yenu mnayo mioyoni, kwa sababu ninayo na mimi. Kwamba tukianza hivi tutatapeliwa. Kwamba michango imekuwa mingi: harusi, misiba, ujenzi wa nyumba ya mtumishi, na simu inayoanza na "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu." Kwamba hata elimu ilipotangazwa kuwa bila ada kuanzia mwaka 2016, sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana havikujinunua, na kila mwenye mshahara au pensheni analea watoto wa ukoo mzima. Haya yote ni kweli. Mimi nimetapeliwa mara mbili, mara ya pili na mtu yule yule, na nilipomjua kwa mara ya tatu nilimfukuza, wala sijatubu bado.

Lakini msomeni tena yule Msamaria. Alimfunga majeraha yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule. Kesho yake akatoa dinari mbili, nayo dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akaahidi kulipa kitakachozidi akirudi, kisha akaendelea na safari yake. Hakuuza punda. Hakuacha biashara iliyompeleka njiani. Alitoa ujira wa siku mbili na usiku mmoja, akamshirikisha mtu mwingine kazi iliyobaki, na aliporudi ndipo angekamilisha. Tukilisoma hivyo, tutaona kwamba kinachotushinda mara nyingi si ukubwa wa mzigo, bali ni kule kutaka kuubeba peke yetu au kutoubeba kabisa.

Yupo pia mjane ambaye tulimzikia mumewe mwezi wa pili mwaka huu. Kwa wiki mbili nyumba yake haikukosa watu, viti vya kukodi vilijaa mpaka barabarani, na sisi akina mama tulipika kwa zamu. Nilikwenda kumsalimu wiki iliyopita. Aliniambia kwamba tangu viti virudishwe, aliyeingia mlangoni kwake ni fundi wa mita ya maji. Aliniambia akicheka, akanipikia chai, na hakuniachia niondoke mpaka giza lilipoanza kuingia. Mpitieni mkitoka sokoni. Hahitaji mchango, anahitaji mtu wa kunywa naye chai, na tafadhali msiende wote siku moja.

Kamati imeniomba niwatangazie utaratibu, nami nitamalizia hapo. Tumezungumza na hospitali yetu ya jirani, nao wamekubali tulete chakula cha mchana kwa wagonjwa wasio na ndugu. Muuguzi wa zamu atatuambia kila asubuhi ni wangapi. Kwa kawaida huwa wawili au watatu, hawazidi wanne. Kila jumuiya itakuwa na siku yake. Msipike chakula maalumu. Ongezeni kile mnachopika nyumbani, isipokuwa kwa wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu, ambao muuguzi atawaeleza mpunguze nini. Leteni kwa chombo chenye mfuniko unaobana, na muandike jina lenu chini ya sufuria kwa rangi, kwa sababu sufuria wodini hupotea, hilo nawahakikishia kwa uzoefu wa miaka 34. Ukifika, muulize mgonjwa jina lake kabla hujapakua. Kama atasema ameshakula, mnajua la kumuuliza.

Daftari la zamu liko kwa katibu wa diakonia, pale mlangoni. Jumatatu, Jumanne na Alhamisi zimeshapata watu. Jumatano na Ijumaa ziko wazi, na Jumamosi inahitaji mtu mwenye pikipiki. Asanteni kwa kunisikiliza. Mnadi naona ameshasimama, na leo pana mayai zaidi ya moja.